Katika Kuchagua Ekseli za Gari la Milima na Mito

Mazungumzo ya jioni hii ni juu ya jambo ambalo wenye magari hulizungumza gereji kila siku, lakini aghalabu baada ya hasara, wakati gari limekwisha kulala njiani na shehena imeanza kuoza, nalo ni namna ya kuchagua ekseli, au ponti kama waisemavyo mafundi wetu, zilizo imara kuliko zile ambazo gari lilitoka nazo kiwandani.

Watu wengi hulianza jambo hili kwa kuuliza ni ekseli ipi isiyokatika. Naona swali hilo halina jawabu, kwa kuwa kila chuma kilichofuliwa na mwanadamu kina kikomo cha nguvu zake, na njia za kwetu hazichelewi kukifikia kikomo hicho. Swali lenye manufaa ni jingine, nalo ni hili, kwamba ikiwa hapana budi kitu kivunjike, je, kivunjike kipi, na kwa namna gani, ili watu na mali yao warudi salama na gari lipate kutengenezwa kwa zana zilizomo ndani yake? Mwenye kulijibu swali hili kabla hajatoa fedha yake hununua vitu vilivyo mbali kabisa na vile anunuavyo mtu atafutaye ukubwa na unene peke yake.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe, maana njia ndiyo itakayoihukumu ekseli. Ziwa Tanganyika limekaa kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya bahari, na nyuma ya nyumba za mwisho za Uvira milima ya Mitumba hupanda ghafla mpaka kupita mita 3000, hata mtu aliyesimama ufukweni hulazimika kuinua uso ili avione vilele. Katika milima hiyo hushuka mito mifupi na mikali, Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, ambayo wakati wa kiangazi mtoto huivuka bila kulowesha magoti, na wakati wa masika huporomosha mawe yasiyoweza kusogezwa na watu kumi. Hatujausahau usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili mwaka 2020, Mulongwe ulipofurika ukachukua nyumba, madaraja na roho za watu wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu. Daraja likiondoka gari hushuka mtoni, na huko mtoni, baina ya jiwe na jiwe, ndiko ekseli nzuri na mbaya zinakopambanuka.

Njia ya kusini, itokayo bandari ya Kalundu kupita Makobola, Swima, Mboko na Nundu hata kufika Baraka, ni mwendo wa kilomita 90 hivi tu, lakini imebanwa kati ya ziwa na mlima, na kila mto ushukao mlimani sharti uikate njia kabla ya kumwaga maji yake ziwani. Njia ya kaskazini hupita katika bonde la Ruzizi, kwenye udongo ambao mvua huugeuza tope la kunata, kisha hufika Kamanyola, kisha hupanda mteremko wa Ngomo kwenda Bukavu, na pale Ngomo hakuna tope la kusamehe kosa la shoferi, ni mawe na makona na genge. Sijazitaja njia za kupanda Bijombo na Minembwe, ambako maharage, viazi na ng'ombe hutoka, na ambako katika miezi ya mvua gari lililofika ni habari ya kusimuliwa. Basi gari la kwetu laweza kukutana na tope, mawe na mteremko katika siku moja, na kila kimoja katika hivyo huitesa ekseli kwa namna yake.

Wala tusidhani kwamba taabu ya gurudumu katika nchi hii imeanza jana. Wasafiri Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, na Livingstone na Stanley walipokuja mwaka 1871 kuhakikisha kwamba mto Ruzizi huingia ziwani wala hautoki, wote walikuja kwa mitumbwi, na mizigo yao kutoka pwani ilikuwa imekuja juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Mwaka 1915, Waingereza walipotaka kuleta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, ili kupigana na Wajerumani katika ziwa hili, walizileta kwa reli hadi Fungurume huko Katanga, na kutoka hapo iliwapasa kuzikokota juu ya safu hii hii ya Mitumba kwa injini mbili za mvuke zikisaidiwa na makundi ya ng'ombe, wakikata miti na kujenga madaraja kila walipokwenda. Serikali kubwa yenye fedha nyingi ilitumia majuma mengi kuvuka sehemu moja ya milima ambayo leo mchuuzi wa mawese, mwenye pick-up moja tu, hutazamia kuishinda kila juma. Nalisema hili ili tumtukuze mchuuzi huyo, na ili tukubali kwamba chombo chake kinastahili fikira.

Sasa tuje kwenye ekseli yenyewe. Katikati yake iko difu, ambayo ndani yake pinyoni, ile gia ndogo, huizungusha krauni, ile gia kubwa, na kutoka katika difu hutoka vyuma viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, ambavyo mafundi huviita hafushafti, navyo ndivyo hupeleka nguvu kwenye magurudumu. Vyote hivyo vimefunikwa na ganda la chuma ambalo juu yake hukaa springi, na juu ya springi gari zima na mzigo wake. Kwa hiyo ekseli ina kazi mbili, kubeba na kuzungusha, na asiyezitenga kazi hizi mbili katika fikira zake hawezi kuchagua sawasawa, kwa sababu ganda hupindwa na uzito, na hafushafti hukatwa na msokoto, na dawa ya huku siyo ya kule.

Tuchukue mfano wa hesabu ili jambo liwe dhahiri. Gari lina injini ya dizeli yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 280. Shoferi ametia gia ya kwanza, nayo huizidisha nguvu hiyo mara 4, ametia na gia ndogo ya kupandia, nayo huizidisha mara 2, na difu huizidisha mara 4 tena. Jumla yake ni nyutoni-mita 8960 zinazofika kwenye magurudumu, na zikigawanywa baina ya magurudumu manne kila hafushafti hubeba 2240 tu, jambo ambalo chuma kizuri hulistahimili miaka na miaka. Lakini mtoni hapana mgawanyo wa haki. Gurudumu moja huning'inia hewani, la pili hutereza juu ya jiwe lenye utelezi, la tatu limo topeni, na la nne ndilo lililoshika, na ikiwa difu zimefungwa kwa loki, yaani chombo kiyalazimishacho magurudumu ya pande mbili kuzunguka pamoja, basi karibu nguvu yote huliendea lile moja lililoshika, na hafushafti yake huamriwa kufanya kazi ya hafushafti zote nne. Ndiyo maana naweka wazi kwamba loki ya difu, ingawa ni chombo bora kabisa cha kutoka mtoni, huongeza haja ya kuwa na hafushafti nene, na anayenunua loki akaacha hafushafti za zamani amejinunulia safari ya kulala porini.

Mbaya kuliko nguvu ya kudumu ni pigo la ghafla. Gurudumu lililokuwa likizunguka hewani kwa kasi, likaanguka likashika jiwe kavu, husimama mara moja, ilhali injini, sanduku la gia na shafti ya katikati bado vinazunguka, na mwendo wote huo huishia katika chuma kisichozidi unene wa vidole viwili. Mimi husema bila kusita kwamba shoferi atoaye mguu kwenye mafuta pindi aonapo gurudumu linaruka ni kinga kubwa kuliko ekseli yoyote iuzwayo. Ijapokuwa mazungumzo haya ni ya vyuma, sitaki mtu aondoke akidhani kwamba vyuma vitamfaa aliye na mguu mzito.

Hafushafti iliyokatika isitupwe kabla ya kusomwa. Ichukuliwe, ipanguswe mafuta kwa kitambaa, itazamwe kwenye mwanga wa jua mahali ilipokatikia. Ikiwa uso wa mkato wote ni mpya, unang'aa na una chembechembe kama za sukari, basi chuma kiliuawa na pigo moja kubwa, na kosa laelekea kuwa la mguu wa shoferi au la jiwe lile. Lakini mara nyingi utakuta sehemu moja ya mkato imesawijika, imelainika, ina mistari myembamba iliyopinda inayofuatana kutoka ukingoni kwenda ndani, na ni sehemu ya mwisho tu ndiyo inayong'aa, na hapo utajua kwamba ufa ulianza zamani, labda majuma, labda miezi, ukawa unatembea kidogo kidogo kila gari lilipopakiwa kupita kiasi, mpaka siku moja chuma kilichobaki hakikutosha. Tena yatazame yale meno marefu ya mwisho wa shafti yanayoingia ndani ya difu. Yalitoka kiwandani yamenyooka. Yakiwa yameanza kujisokota, hata kwa upana wa unyasi, shafti hiyo imekwisha kupita kikomo chake, na mwenziwe wa upande wa pili, aliyebeba mizigo ile ile katika njia zile zile, naye achomolewe atazamwe kabla ya kuaminiwa. Fundi mwenye subira ya kusoma hivi atakuambia kama wahitaji ekseli mpya au wahitaji kupunguza magunia, na ushauri huo una thamani kuliko kipuri chochote.

Ziko namna mbili za ekseli ambazo ni lazima mnunuzi azitofautishe. Katika namna ya kwanza, gurudumu limefungwa juu ya hafushafti yenyewe, na beringi imekaa mwisho wa ganda, hivyo shafti yazungusha gurudumu na papo hapo yabeba uzito wa gari. Namna hii ni nyepesi, ni rahisi kuitengeneza, na katika mji wenye lami haina lawama. Lakini ikikatika kwa nje, gurudumu laweza kutoka pamoja na kipande cha shafti, na gari likakalia ekseli yake papo hapo, pengine kwenye kona ya Ngomo. Katika namna ya pili, gurudumu hukaa juu ya habu, na habu hukaa juu ya beringi mbili zilizovikwa kwenye mwisho wa ganda, hivyo uzito wote hubebwa na ganda, na hafushafti haina kazi nyingine ila kuzungusha. Utaitambua kwa macho, maana gurudumu la nyuma lina kitovu kilichotokeza katikati, chenye duara la nati zilizokaza uso wa shafti.

Fadhila ya namna hii ya pili huonekana siku ya balaa. Hafushafti ikikatika, gurudumu halitoki, limekaa pale pale juu ya beringi zake. Shoferi na msaidizi wake hufungua nati zile, hugonga pembeni kwa nyundo mpaka uso wa shafti ulegee, huivuta nje, hutoa na kipande kilichobaki ndani ili kisiharibu meno ya difu, huziba tundu kwa bati na kitambaa ili mafuta yasimwagike wala vumbi lisiingie kwenye beringi, kisha huunganisha ekseli ya mbele na kurudi Baraka au Uvira polepole, wakivutwa na magurudumu ya mbele. Basi nikiulizwa na mtu mwenye fedha ya jambo moja tu, anunue shafti nene kwa ekseli ya namna ya kwanza au ahamie kwenye ekseli ya namna ya pili iliyo ya wastani, namwambia ahamie namna ya pili. Na kwa bahati njema hana haja ya kuagiza vitu vya ajabu kutoka mbali, kwa kuwa Toyota Land Cruiser za namba 70, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1984 na ambazo twaziona kila siku katika njia hizi, nyingi katika zile za mizigo zina ekseli ya nyuma ya namna hiyo, na ekseli nzima yaweza kupatikana kutoka katika gari lililokufa kwa sababu nyingine.

Juu ya unene, iko kanuni moja ya uhandisi ambayo ni faraja kwa asiye na mali nyingi. Nguvu ya chuma cha duara kustahimili msokoto hukua kwa kipenyo kuzidishwa mara tatu kwa chenyewe, maana yake shafti ikiongezwa unene kwa sehemu 1 tu katika 10, nguvu yake huongezeka kwa takriban theluthi nzima. Kwa hiyo hapana haja ya kuruka kutoka ekseli ya pick-up hadi ekseli ya lori. Hatua moja ndogo juu, ikiwa chuma ni kizuri, chenye kromu na molibdeni na kilichochomwa na kupozwa kwa ustadi, yatosha. Ninaposema chuma kizuri nina maana kile ambacho muuzaji hukubali kukidhamini, maana ziko shafti zilizopakwa rangi ya kupendeza na kutiwa katika boksi lenye jina kubwa, na zikikatwa hukutwa laini ndani, na mnunuzi aliyekwisha kudanganyika nazo hana mahali pa kushitaki.

Lakini mara nyingi kisa cha ekseli kukatika huanzia kwenye tairi. Mtu hununua tairi kubwa ili gari liinuke juu ya mawe, na kweli huinuka, lakini gurudumu likiongezwa kipenyo kwa sehemu 1 katika 10, ekseli nayo yapaswa kuzungusha kwa nguvu iliyozidi kwa kadiri hiyo hiyo ili gari livute kama lilivyovuta jana, na zaidi ya hayo tairi zito likizunguka hewani huweka ndani yake pigo kubwa zaidi la kulirudisha litakaposhika. Katika safari mashuhuri ya Waingereza ya mwaka 1971 na 1972, walipoyapeleka magari mawili ya Range Rover kutoka Alaska hadi ncha ya kusini ya Amerika, chini ya uongozi wa John Blashford-Snell, yule yule aliyekuja baadaye, mwaka 1974, kuushuka mto wetu wa Kongo, difu za magari hayo zilianza kupasuka katika misitu ya Darién, na lawama ilikwenda kwenye tairi kubwa za kinamasi zilizokuwa zimefungwa ili ziwasaidie. Watu wale walikuwa na wahandisi na ndege za kuwaletea vipuri. Aliyekwama kati ya Mboko na Nundu hana ndege.

Anayeongeza tairi, basi, na abadilishe pia uwiano wa krauni na pinyoni, na akibadilisha abadilishe mbele na nyuma kwa pamoja. Hapa ndipo makosa mengi hutendeka, hasa pale ekseli ya nyuma inunuliwapo peke yake kutoka gari jingine. Krauni yenye meno 37 na pinyoni yenye meno 9 hutoa uwiano wa 4.11, na krauni ya 43 kwa pinyoni ya 10 hutoa 4.30. Kwa macho maganda mawili yafanana kabisa. Ukizifunga ekseli hizo mbili katika gari moja, moja mbele na moja nyuma, kisha ukaunganisha ekseli zote mbili, katika kila kilomita ekseli moja itataka kuipita nyingine kwa zaidi ya mita 40. Topeni tairi hutereza na tofauti hiyo hufutika, lakini juu ya mawe makavu haifutiki, hujikusanya katika shafti na gia mpaka kilicho dhaifu kuliko vyote kitoe mlio na kuvunjika. Fundi na ahesabu meno kwa kidole, jino kwa jino, kabla ya malipo, na mwenye gari na asimame karibu akihesabu pamoja naye.

Wako wanaoniuliza habari za ekseli za juu, kama zile za Unimog, gari lililobuniwa na Mjerumani Albert Friedrich baada ya vita kuu ya pili, ambamo difu imeinuliwa juu ya kitovu cha gurudumu na nguvu hushuka kwa gia nyingine zilizomo katika habu. Ni sanaa nzuri mno, na mahali penye mawe yaliyosimama hapana kifani chake. Vile vile malori mengi mazito, Mercedes-Benz na HOWO, yana gia za kupunguza mwendo ndani ya habu, na faida yake ni kwamba nguvu huzidishwa mwishoni kabisa, karibu na gurudumu, kwa hiyo hafushafti husalimika na mzigo mkubwa. Kwa lori la tani nyingi lipandalo Ngomo, hiyo ndiyo ekseli ninayoipendelea bila shaka. Kwa pick-up ya mchuuzi, hapana. Kila habu ya namna hiyo ina gia zake, beringi zake, sili zake na mafuta yake, na sili moja ikipasuka katika mto wenye mchanga, nani atauza nyingine katika soko la Baraka? Kipuri kisichopatikana Uvira, Bukavu wala Bujumbura, ambacho sharti kingoje meli kufika Dar es Salaam, kisha reli hadi Kigoma, kisha mashua hadi Kalundu, hicho kwa mtu wa kwetu ni dhaifu, hata kiwe kinene namna gani.

Ekseli mpya ikiisha kupatikana, imebaki kazi ya kuitia, nayo yadai ustadi mwingi kuliko ununuzi. Upana wake uwe sawa na ule wa mbele, mahali pa kukalia springi papimwe kwa uangalifu, boliti zinazoishika springi ziwe mpya, na pembe ya pinyoni ielekee shafti ya katikati kama ilivyokuwa, la sivyo gari litatetemeka na viungo vya shafti vitakwisha mapema. Wapo mafundi wanaopenda kuchomelea mabamba chini ya ganda ili lisipinde, na wazo hilo ni zuri, ila moto wa kuchomelea wenyewe hulipinda ganda usipotumiwa kwa vipande vifupi vifupi, upande huu kisha upande ule, chuma kikiachwa kipoe chenyewe bila kumwagiwa maji. Na breki zisisahauliwe. Ekseli kubwa na tairi kubwa ni nzito, na kuliteremsha gari zito kutoka Fizi hadi Baraka kwa breki za gari jepesi ni kuyahatarisha maisha ya watu.

Hapa nawaomba wasikilizaji mnivumilie, maana nasema kwa uchungu. Ekseli imara humshawishi mwenye gari kuongeza magunia. Lakini fremu haikuongezewa nguvu, wala breki, wala ukingo wa njia, wala miti ya daraja la kijiji. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 2022, yaweka kikomo cha tani 56 kwa lori kubwa pamoja na mzigo wake, na pick-up yetu iliundwa kwa tani moja au zaidi kidogo, ilhali twaiona ikipita na magunia hadi juu ya paa, na juu ya magunia akina mama na watoto. Gari lililoinuliwa kwa springi na tairi, kisha likapakiwa juu, huwa jepesi kupinduka. Tarehe 2 Julai mwaka 2010 lori la mafuta lilipinduka hapo Sange, likalipuka, wakafa watu zaidi ya 200. Visa vya kupinduka havifanani, lakini aliyewaona waliozikwa siku zile hawezi kulitazama gari lililoinama upande mmoja kwa mzigo akanyamaza. Nguvu uliyoiongeza katika ekseli iache ibaki kuwa akiba, usiitie magunia.

La mwisho ni maji. Ganda la ekseli lina tundu dogo la kupumulia, na ekseli iliyopata moto kwa mwendo mrefu ikiingia ghafla katika maji baridi ya Mulongwe, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia tundu hilo au kupitia sili zilizochakaa. Mafuta hugeuka meupe kama maziwa, na beringi zinazotegemea maziwa hayo hazimalizi masika. Dawa yake haigharimu kitu kikubwa, ni mpira mwembamba tu unaofungwa kwenye tundu na kupandishwa mpaka karibu na injini, juu ya kimo ambacho maji yataweza kukifikia. Krauni na pinyoni mpya zipewe mwendo wa taratibu katika kilomita 500 za mwanzo, bila mzigo mzito, kisha mafuta yamwagwe yote, hata yakionekana safi, na boliti ya chini yenye sumaku ipanguswe na kutazamwa. Unga mwembamba wa chuma juu yake ni kawaida, ni meno yanayozoeana. Vipande vinavyoshikika kwa kucha si kawaida, na gari hilo lisipelekwe Fizi mpaka difu ifunguliwe tena. Kisha gurudumu liinuliwe kwa jeki, lishikwe juu na chini kwa mikono miwili na kutikiswa, na likicheza, beringi za habu zikazwe upya kabla ya safari.